Ni Mti Tu?

Sebuleni kwetu kuna kitu ambacho wageni hukishika hata kabla hawajakaa. Ni mwana hiti, sanamu ya mti ya kwetu Uzaramo, ndogo tu, unaifunika kwa viganja viwili. Haina mikono wala miguu. Ina matiti, kitovu, na nywele zilizogawanywa mashungi mawili. Zamani mwali akiwekwa ndani alipewa huyu awe mtoto wake: amwogeshe, ampake mafuta, ajifunze kulea. Wakwere na Waluguru nao wanaye. Wangu ni wa bibi mzaa mama, ana pete ya fedha shingoni na kikombe cha fedha chini alipokalia.

Miaka miwili iliyopita mume wangu alipunguzwa kazini. Mwenye nyumba naye akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja, rafiki wa rafiki, akamgeuzageuza mwana hiti, akataja bei iliyonikausha mate. Eti ana mteja Ulaya. "Hiyo fedha ndiyo inayompandisha," akasema.

Alipoondoka, mume wangu akaniambia, "Mke wangu, si ni mti tu? Tuuze tulipe kodi."

Jamani, nilimjibu vibaya. Nilimwambia neno ambalo mwanaume aliyepoteza kazi hapaswi kulisikia kwa mkewe. Siku tatu tukawa tunapishana koridoni kama wapangaji.

Siku ya nne nikaenda Kisarawe kwa mama, nikitegemea anitetee. Akacheka.

"Babu yako naye alisema hivyohivyo, mti tu. Ugomvi wa pesa. Akamrusha uani, shingo ikavunjika. Bibi yako hakugomba, aliacha tu kuongea naye. Mwezi ulipoisha babu akachukua rupia za Mjerumani alizoachiwa na baba yake, akaenda nazo mjini kwa sonara, zikayeyushwa. Akarudi naye ameunganishwa. Hakuomba radhi kwa mdomo, mwanangu. Hiyo pete ndiyo radhi yenyewe."

Usiku ule nilimwomba mume wangu msamaha, mimi kwa mdomo, maana rupia sina. Kisha nikamsimulia. Akaishika ile pete, akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe yule bwana anataka kununua ugomvi wa babu!" Tukacheka mpaka machozi.

Hatukuuza. Na kumbe Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu vitu kama hivi kutoka nchini bila kibali. Tuliuza gari, tukahamia vyumba viwili Mbagala. Mume wangu alipata kazi baada ya miezi minane, na haikuwa miezi rahisi.

Ukimwinua mwana hiti kwenye mwanga, ufa bado unaonekana chini ya pete. Wageni wakiuliza, siku hizi mume wangu ndiye anayesimulia.