Risiti za Baba

Baba yangu alipanga nyumba ya Baraza la Jiji huko Jericho, mashariki ya Nairobi, tangu kabla sijazaliwa, na kodi yake haikukosa hata mwezi mmoja. Risiti alizitia katika mkebe wa biskuti juu ya kabati. Sisi watoto tulidhani mkebe ule una fedha.

Jirani yetu ulikuwa mtaa wa Buruburu, uliojengwa tangu miaka ya 1970, ambao nyumba zake ziliuzwa kwa rehani. Mnunuzi hutoa sehemu ndogo ya bei, mkopeshaji hutoa iliyobaki, na hati ya nyumba huwekwa dhamana mpaka deni limalizike. Barabara tu ilitutenga na watu wale. Mboga tulinunua soko moja.

Nilipopata kazi ya ualimu nilitamani kuvuka barabara ile. Nilikwenda benki na hati zangu za mshahara, na mkebe wa baba kwapani. Karani, kijana mwenye adabu, alisoma risiti mbili tatu, akaufunika mkebe taratibu.

"Mwalimu," alisema, "hizi ni za mzee wako. Sisi twatazama mshahara wako."

Sikumlaumu. Hata hivyo naamini mpaka leo kwamba mkebe ule ulisema juu ya uaminifu zaidi ya karatasi zangu zote. Kenya ilihesabu watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019, lakini mikopo ya rehani yapata elfu thelathini tu. Fundi wa jua kali au mama wa mboga hana hati ya mshahara ya kumwonyesha karani.

Mimi niliyekuwa nayo nilikwama pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili za mshahara, na ushirika wa akiba na mikopo ulikuwa umekwisha kula fungu lake. Basi mkopo wangu ukapunguzwa. Kisha jina langu likaonekana katika daftari la wadaiwa sugu, kwa shilingi 1,800 nilizokopa kwa simu usiku mmoja nikazisahau. Aibu iliyonipata mbele ya mkebe ule siwezi kuieleza. Nililipa siku ile ile, lakini ilinibidi kungoja hati ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, na muuzaji alikuwa akinihimiza.

Akaja mthamini. Aliipima nyumba akaipa thamani chini ya bei ya muuzaji, nayo benki hukopesha kwa kipimo cha mthamini. Pengo lilikuwa langu, pamoja na ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, na ujira wa wakili. Mama alilijaza pengo kwa zamu yake ya chama, fedha alizoziweka kwa ajili ya macho yake. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilipokea.

Jioni niliyotia sahihi nilikwenda Jericho. Baba aliuliza hati iko wapi, nikasema benki. Akauliza kwa miaka mingapi, nikasema ishirini. Alihesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akauliza kama huko Buruburu maji hutoka kila siku.