Fremu ya Kike au ya Kawaida: Kipimo Kitangulie Jina



Katika nyumba zetu za pwani, "baiskeli ya kike" ina maana moja tangu enzi za wazee wetu: ni ile isiyo na chuma cha juu, ambayo mwanamke huipanda bila ya kuinua mguu wala kupandisha vazi lake. Maana hiyo ina asili yake. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, ambayo cheni yake ilizungusha gurudumu la nyuma. Haukupita muda mrefu, wanawake wa huko, ambao mavazi yao yalifika chini, wakaundiwa fremu ambayo chuma chake kimeshushwa, na cheni ikafunikwa isije ikala nguo. Kwa hivyo fremu ya kike ilizaliwa kwa sababu ya vazi, si kwa sababu ya maumbile.

Suala hili lilifika mlangoni petu mwaka huu. Binti wa dada yetu aliambiwa na daktari kwamba sukari yake imeanza kupanda, na kwamba afanye mazoezi mapema. Ukoo wetu waijua kisukari. Marehemu mama yetu alikatwa mguu kwa maradhi hayo. Binti akachagua baiskeli ya mbio, zile nyepesi zenye matairi membamba na usukani uliopinda chini, apate kwenda na wanawake wenziwe baada ya Sala ya Alfajiri, kabla malori hayajaijaza barabara ya Malindi. Mama yake akaridhia kwa sharti moja: iwe ya kike, kwa ajili ya sitara. Wakatujia sisi tutoe kauli.

Tulipozitazama dukani, tuliona kwamba ubishi wenyewe ulikuwa juu ya jina. Baiskeli ya mbio inayouzwa kwa jina la wanawake nayo ina chuma cha juu, sawa na ya wanaume. Haipandwi kwa urahisi zaidi, wala haimsitiri mtu zaidi. Madrasa tulifundishwa kuwa kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si matamko. Sitara ya mwendeshaji imo katika nguo yake: suruali pana iliyofungwa vifundoni, kanzu inayofika magotini, na mtandio uliobanwa vyema chini ya kofia ya kujikinga. Buibui refu huweza kunaswa na cheni au njiti za gurudumu, na hiyo ni hatari ya roho. Masomah Ali Zada, mzaliwa wa Afghanistan, alishindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwenye timu ya wakimbizi hali ya kuwa amejifunika kichwa chake.

Basi hiyo fremu ya kike inatofautiana kwa lipi? Waundaji wake walishika rai kwamba mwanamke, akilinganishwa na mwanamume wa kimo chake, ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Kwa hiyo wakafupisha chuma cha juu, wakainua usukani na kuupunguza upana, wakasogeza breki karibu na vidole, na wakaweka kiti kipana zaidi. Mhandisi wa Kimarekani, Georgena Terry, alianzisha kampuni yake mwaka 1985 kwa kazi hiyo, na wanawake wafupi waliokuwa wakiteseka juu ya fremu kubwa walifarijika.

Lakini mafundi wenyewe wamekhitilafiana. Kampuni ya Specialized ilipochunguza vipimo vya maelfu ya waendeshaji, ilisema kuwa tofauti baina ya mtu na mtu ni kubwa kuliko tofauti baina ya wanaume na wanawake, ikaacha kuunda fremu za mbio za kike. Kampuni ya Liv, iliyotokana na Giant, yaendelea hadi leo kuwaundia wanawake peke yao. Kila upande una hoja, na mnunuzi hana haja ya kuamua nani mshindi. Haja yake ni kujua mwili wake.

Binti yetu amerithi urefu wa babu yake, na mikono mirefu vilevile. Alipoketi juu ya fremu ya kike, magoti yalikaribia mikono na mgongo ukajikunja. "Mjomba, hapa sina pa kupumulia," akasema. Fremu ya kawaida ya kipimo cha 54 ilimfaa, na fundi akambadilishia kiti kipana na usukani mwembamba. Mwenziwe, ambaye ni mfupi, mambo yalikuwa kinyume: fremu zote za kawaida dukani zilimshinda, na ya kike ikamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa ajili yake.

Kwa mzazi anayetaka kununua, tunausia haya. Binti asimame juu ya fremu. Baina yake na chuma cha juu ipatikane nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Akishika usukani, viwiko vilegee na vidole vifikie breki bila ya taabu. Akisikia ganzi mikononi au maumivu ya shingo, yamkini fremu ni ndefu mno. Kiti na usukani hubadilishwa, lakini fremu haibadiliki. Fedha zitangulie hapo. Rangi ya waridi na maua yasimshawishi mtu.

La muhimu kuliko yote, mwachieni mwenye kuipanda aseme. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baiskeli inayoumiza haichukui muda kuegeshwa ukutani ikapata kutu, na yule aliyeihitaji kwa afya yake hurudi kuketi. Hali ya sukari ya binti yetu tumemwachia daktari aisemee. Sisi twajua kwamba alfajiri tatu kila wiki hutoka, na hurejea bila ya kulalamikia mgongo. Mwili ni amana, na amana hutunzwa kwa kujua kipimo chake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu njiani na awajaalie afya. Amin.