Mto Unaelekea Wapi?

Mwaka 2000, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, nilipangiwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo katika sekondari moja mkoani Iringa. Somo langu lilikuwa jiografia. Wiki ya pili niliingia kidato cha tatu na karatasi ya ramani ya kipimo cha 1:50,000, nikaitundika ubaoni. Kijana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kwenye ramani hii mto unatoka wapi na unaelekea wapi?”

Niliitazama ramani, nikamtazama yule kijana, nikasema swali hilo tutalijibu kipindi kijacho. Kanuni yake niliwahi kuikariri sekondari kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani ikapotea. Jioni nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mwenyeji wangu, mzee mwenye stashahada aliyekuwa amefundisha zaidi ya miaka ishirini. “Lete hapa, mwanangu,” akasema, akaweka ncha ya kalamu juu ya ramani. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zinapokatiza mto hujikunja mfano wa herufi V, na ncha ya hiyo V huelekea kule mto unakotoka. Maelezo yake hayakuzidi dakika mbili.

Chuoni, somo la kusoma ramani nilikuwa nimepata B+.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani alipaswa kuijua kasoro hiyo kabla ya yule kijana kuigundua. Somo lenyewe tulilisoma watu zaidi ya mia tatu katika ukumbi wa viti mia mbili, na waliochelewa walisikilizia madirishani. Mhadhiri alikuwa peke yake, hana msaidizi wa kuendesha semina. Kabati la ramani lilikuwepo, na lilikuwa na kufuli. Tuliishi kwa madesa, nakala za noti za waliotutangulia, zilizopigwa fotokopi mpaka maandishi yakafifia. Maswali ya mtihani yalizunguka humo humo. Aliyelishika desa alipata alama nzuri. Aliyezembea alikula sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu zikimzidi alidisko, yaani aliondolewa masomoni. Kwa muda wote wa shahada hakuna mtu wa chuo aliyewahi kutuuliza tumejifunza nini.

Shahada zetu zilikaguliwa, hilo sitalikana. Kila mwisho wa mwaka alikuja mtahini wa nje, mhadhiri wa chuo kingine, kwa desturi ambayo vyuo vyetu viliirithi kutoka Uingereza. Alisoma maswali, akapitia majibu yetu, akapima kama usahihishaji umekuwa wa haki, kisha akaandika ripoti. Kazi hiyo ni muhimu mpaka leo. Lakini mtahini wa nje aliona karatasi zetu tu. Karatasi haikuweza kumwambia kwamba aliyeandika ukurasa mzima kuhusu kontua hajawahi kuigusa ramani.

Mwaka 2004 niliajiriwa katika chuo nilichosoma, nikiwa mhadhiri msaidizi, na mambo yakaanza kwenda mbio. Serikali ilikuwa imeanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, na shule za kata zikawa zinafunguliwa kila pembe ya nchi zikihitaji walimu. Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vishiriki viwili vya ualimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimoja Chang'ombe na kingine Mkwawa, Iringa. Mwaka huo huo Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na neno bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likawa maarufu kuliko jina la mkuu wa chuo. Mwaka 2007 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Vijana ambao wazazi wao wasingeweza kuota shahada waliingia madarasani kwa maelfu, nami nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia.

Katika msukumo huo ikaja pia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, iliyounda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Vyuo vikatakiwa kuonyesha vinausimamiaje ubora wa kile vinachofundisha. Kwetu mabadiliko hayo yalikuja yakiwa yamekunjwa ndani ya karatasi moja: fomu ya tathmini ya somo.

Fomu ile ilikuwa na maswali kumi na mawili, kila swali na alama kuanzia 1 hadi 5. Je, mhadhiri anawahi? Anaeleweka? Amejiandaa? Nyuma yake kulikuwa na mistari mitano ya maoni. Tuliigawa wiki ya mwisho ya muhula, sisi wenyewe wahadhiri, tukasimama mbele wakati wanafunzi wakijaza. Kisha zilikusanywa, karani akapiga wastani, zikafungwa kwa kamba ya katani na kupelekwa stoo.

Wastani wangu wa kwanza ulikuwa 4.6. Nilifundisha somo lile lile la ramani, kwa slaidi za rangi nilizoziandaa usiku kucha. Nilisifiwa kwenye kikao cha idara. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka uliofuata sikubadilisha hata slaidi moja.

Masika moja paa la stoo likavuja. Karani wetu, mama mtu mzima aliyekuwa akiniita mwanangu hata mbele ya wanafunzi, aliniomba nimsaidie kuhamisha mafurushi kabla hayajaoza. Nililitambua la kwangu kwa namba ya somo. Kamba ilikuwa haijafunguliwa tangu wastani ulipopigwa. Nikaketi juu ya ndoo, nikageuza fomu moja baada ya nyingine kusoma ile mistari mitano ya nyuma. Mmoja alinipa 5 kila mahali, kisha akaandika: “Mwalimu anaeleza vizuri sana. Ila ramani tumeiona ukutani tu.” Mwingine: “Tunaomba tushike ramani hata mara moja kabla ya kwenda field.” Nilihesabu maoni ya namna hiyo thelathini na moja.

Ombi lao nilikuwa nalijua tangu Iringa. Walikuwa wameliandika, wamelikabidhi, wakamaliza shahada na kwenda kufundisha watoto wa watu, na mimi nikawa nimetembea na 4.6 yangu.

Mwaka 2010 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lilitoa mwongozo wa kuhakiki ubora ambao uliitaka kila programu ijitathmini yenyewe kwanza, kwa kuwauliza wanafunzi waliopo, wahitimu na waajiri. Idara ilinipa kazi ya kuwafuatilia wahitimu wetu. Nilisafiri na dodoso mkobani kwenda shule za wilaya nne. Wakuu wa shule walisema walimu wetu wanajua kuandaa azimio la kazi na wana nidhamu. Wahitimu wenyewe walisema jambo moja kwa maneno tofauti: chuo kiliwapa maelezo, vitendo wakavikuta kazini.

Baada ya kuwasilisha ripoti ya ufuatiliaji huo, kabati la ramani lilifunguliwa. Ramani nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa, tukaomba fedha, tukanunua nyingine. Tuliwagawa wanafunzi makundi ya watu thelathini, kila kundi na saa mbili za vitendo kwa wiki, na theluthi ya alama ikatoka kwenye vitendo hivyo. Wahadhiri tulilalamika, kwa sababu saa za kufundisha ziliongezeka na mshahara ukabaki pale pale. Wanafunzi nao walilalamika, maana madesa hayakusaidia tena.

Badiliko ninalolithamini zaidi halikugharimu hata shilingi. Wiki ya tano ya kila muhula ninawapa karatasi tupu, hawaandiki jina, wanajibu maswali mawili: nini hakijaeleweka, na nini kibadilishwe. Wiki ya sita nafungua mhadhara kwa kuwasomea walichosema. Hili nimelibadilisha. Hili siwezi, na sababu yake ni hii. Hili nalipeleka idarani. Mwaka wa kwanza waliandika kwa woga. Siku hizi wananiandikia hata kwamba sauti yangu haifiki nyuma.

Sasa tathmini rasmi inajazwa kwa simu, na mwanafunzi chuoni kwetu haoni matokeo yake mpaka aijaze. Idadi ya wanaojaza imepanda mpaka karibu wote. Lakini nimekaa nao kwenye vimbweta nikawaona wanabonyeza 3, 3, 3, mpaka mwisho, bila kusoma swali, ili waione GPA. Siwalaumu. Miaka mingi wamekuwa wakiulizwa na hawajapata kuona jibu.

Mwaka 2021 vyuo vya umma viliingia katika mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na sehemu ya kazi yake ni kupitia upya mitaala. Nimekaa katika vikao hivyo na nimeona maabara zikijengwa. Ni neema kubwa. Ombi langu kwa wenzangu ni kwamba tusipeleke mtaala mpya mbele ya kamati kabla hatujasoma mistari ile ya nyuma ya fomu za mtaala wa zamani, na tusimwombe mwanafunzi maoni kama hatujapanga siku ya kumrudishia mrejesho. Na wewe kijana uliyeko chuoni, sehemu ya maoni usiiache wazi. Andika kile usichokijua bado, kwa sababu siku moja kuna mtoto atanyoosha mkono akuulize.