Jina la Mti

Mtu aliyesoma hupatwa na jaribu moja ambalo asiyesoma halijui, nalo ni kudhani kwamba kila kilichoandikwa kimekishinda kila kilichosemwa. Jaribu hili lilinishinda mimi jioni moja ya mwezi wa Juni, nyumbani kwetu Likunja, katika wilaya ya Ruangwa, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Nalieleza hapa bila ya kujitetea.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni. Ufuta ulikuwa umekwisha katwa, miganda yake imesimamishwa kukauka, na watu walikuwa na nafasi ya kukaa pamoja jioni. Katika mkoba wangu mlikuwa na kitabu cha picha cha John Kilaka, mwandishi na mchoraji wa watoto kutoka upande wa Sumbawanga. Kitabu hicho ni ngano ya mti wa ajabu, na nakala yangu ilikuwa ya Kiingereza, iliyotolewa mwaka 2009.

Kazi ya mtu huyu yastahili kuelezwa. Yeye huenda vijijini, huketi na wazee, husikiliza ngano zao, kisha huzisimulia upya kwa maneno machache na picha nyingi. Picha zake ni za mtindo uliopata jina kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini huku huku, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972. Wanyama wa Kilaka huvaa nguo kama sisi, nao huishi, hugombana na kupatana kama sisi. Vitabu vyake vilitangulia kuchapwa Uswisi kwa Kijerumani, ndipo vikaenea katika lugha nyingine. Kwa hiyo ngano iliyosemwa kijijini mwetu huweza kufika macho ya mtoto wa Zürich kabla ya mtoto wa Likunja.

Ngano yenyewe ni hii. Wanyama wamepatwa na njaa. Upo mti wenye matunda mabivu, lakini matunda hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanakwenda kwa Kobe kuliuliza jina, wanalisahau njiani. Sungura mdogo ndiye anayelileta.

Jioni ya kwanza niliwasomea watoto wa dada yangu. Nilifasiri neno kwa neno, kama karani asomaye hati ya shauri. Walinisikiliza kwa adabu, na mdogo wao akalala.

Jioni ya pili mama alikichukua kitabu. Mama hajui kusoma. Alikiweka magotini, akaitazama picha ya kwanza, akaita, "Hadithi, hadithi!" Watoto wakajibu, "Hadithi njoo!" Tembo alipata sauti yake, na nyati yake. Jina la mti alilifanya wimbo, watoto wakauimba. Kila alipotaka kufunua ukurasa alingoja kidogo, na watoto wakasogea karibu. Alikuwa akiijua ngano ile tangu utoto wake. Picha zilimkumbusha tu. Lakini katika ngano yake aliyelileta jina alikuwa kobe.

"Sivyo, mama," nilisema. "Kitabu kinasema ni sungura."

Aliniangalia. Akakifunga kitabu, akanipa kwa mikono miwili. "Basi soma wewe, mwanangu, maana wewe ndiye ujuaye." Akaondoka kwenda kuutazama moto.

Jioni tatu zilizofuata hapakuwa na ngano. Watoto walipomwomba aliwajibu, "Mwulizeni mjomba wenu, yeye ana kitabu." Hawakuniuliza.

Nilipata muda wa kufikiri. Ngano ya mti wenye jina inajulikana kwa makabila mengi ya Afrika: kwingine jina huletwa na sungura, kwingine na kobe. Kilaka alichora aliyoyapokea kwa wazee wake. Mama alitunza aliyoyapokea kwa bibi yake. Hapakuwa na kosa la kusahihisha. Kitabu kilikuja kwetu kama mgeni mwenye habari za jamaa, mimi nikamkalisha kitini kama hakimu. Lililo baya zaidi ni kwamba mwanamke ambaye maisha yake yote maandishi yalimfungia mlango, alikuwa amepata kitabu kimoja kinachofunguka kwa macho yake, nami nikaufunga mlango ule kwa mkono wangu.

Siku ya nne nilimfuata alipokuwa akichekecha unga. "Mama, nimekosa," nikasema. "Jina la mti limenipotea njiani."

Aliendelea kuchekecha kitambo. Kisha akasema, "Kaa chini. Hata tembo alisahau."

Jioni ile nilishika kitabu mimi, nikafunua kurasa, na mama akasema. Kobe alilileta jina, matunda yakaanguka. Ngano ilipokwisha, yule mdogo aliyelala siku ya kwanza aliweka kidole chini ya picha, juu ya mistari ya herufi, akaniuliza, "Mjomba, na hapa wanasema nini?" Nikamsomea. Sikupata kuulizwa swali chuoni lililonifurahisha kama lile. Wala halikuzaliwa na usomaji wangu, bali na sauti ya bibi yake.

Niliporudi chuoni sikukichukua kitabu. Nasikia kingo zake zimechakaa, na kwamba ukurasa wa kobe ndio ulioraruka kwanza.