Karamu ya Macho

Chakula ni mgeni wa kila siku katika sinema, lakini ni mgeni afikaye bila harufu wala ladha. Jicho huona mvuke ukipanda na sikio husikia mafuta yakilia katika kikaango, ila pua na ulimi havipati kitu. Upungufu huu ungalitosha kuyafukuza mapishi katika filamu. Kinyume chake, umeyapa kazi kubwa zaidi. Kwa kuwa mtazamaji hawezi kuonja, hana budi kumtazama yule aonjaye na yule apikaye. Chakula huwa kioo cha mtu.

Charles Chaplin alilitambua jambo hili mapema. Katika The Gold Rush, filamu ya mwaka 1925, mtafuta dhahabu aliyezingirwa na theluji anachemsha kiatu chake kwa njaa. Anakikata kwa taratibu kama nyama ya sikukuu, anazungusha kamba zake katika uma kama tambi, na kunyonya misumari kama mifupa ya kuku. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, lakini hapana aonaye peremende. Aonekanaye ni mtu ambaye njaa imemnyang'anya kila kitu isipokuwa adabu ya mezani. Watu hucheka, na kicheko chao kina uchungu ndani yake.

Filamu iliyompa mpishi heshima kamili, hata hivyo, ni Babette's Feast, iliyoongozwa na Gabriel Axel wa Denmark mwaka 1987, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1988. Babette ni mwanamke wa Kifaransa aliyekimbia umwagaji damu wa Paris wa mwaka 1871, akapokewa na dada wawili wacha Mungu katika kijiji cha pwani ya Jutland. Kwa miaka 14 anawapikia samaki mkavu na supu ya mkate na bia, kwa maana dini ya nyumba ile huihesabu ladha kuwa jirani wa dhambi. Siku moja anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu. Haombi nauli ya kurudi kwao. Anaomba ruhusa ya kupika chakula cha usiku mmoja.

Kasa aliye hai, kware na mvinyo vinawasili kwa chombo kutoka Ufaransa. Waumini wanaingiwa na hofu, wanaahidiana wasitamke neno lolote juu ya chakula kile. Ndimi zinafungwa, lakini nyuso hazifungiki. Sahani baada ya sahani, wazee waliowekeana visa vya miaka mingi wanaanza kusameheana. Jemadari mmoja mgeni ndiye pekee atambuaye anachokula: anaikumbuka Café Anglais ya Paris, ambako mpishi mkuu alikuwa mwanamke. Wakati huo Babette yu jikoni kwa jasho lake, wala haketi mezani. Fedha zote zimekwisha. Dada wale wanamsikitikia kwamba atakuwa maskini tena. Yeye analikataa jina hilo. Mtu aliyepata siku moja ya kuifanya kazi yake kwa uwezo wake wote hana haja ya kuhurumiwa.

Hadithi hiyo ilitungwa na Karen Blixen, na hapa pana jambo liwahusulo wasomaji wa Afrika Mashariki. Kabla ya kurejea Denmark mwaka 1931, Blixen alilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, na jikoni mwake alikuwamo kijana wa Kikikuyu, Kamante. Katika kitabu chake Out of Africa, cha mwaka 1937, bibi huyo alimsifu kuwa mpishi wa kipaji cha ajabu. Kamante hakujua kusoma. Alihifadhi mapishi yote kichwani na kuyaita kwa matukio ya siku alizofundishwa. Mchuzi mmoja ulibeba kumbukumbu ya radi iliyopiga mti, mwingine ya farasi aliyekufa. Mwaka 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza alikula chakula katika nyumba hiyo. Lakini vyakula hivyo vya kigeni Kamante mwenyewe hakuvitamani. Moyo wake ulikuwa katika chakula cha kwao.

Kitabu hicho kiligeuzwa filamu mwaka 1985, miaka miwili kabla ya ile ya Babette. Ndani yake mapenzi ya mwenye shamba na mwindaji ndiyo yaliyoketi mezani, na Kamante akapewa nafasi ndogo. Wapishi wawili walipita katika kalamu moja. Mmoja kamera ilimfuata hadi jikoni ikashuhudia jasho lake; mwingine, aliyeimudu sanaa ya watu wa mbali bila kuandika herufi moja, ilimwona kuwa mtumishi. Tofauti yao haikuwa katika mikono, ilikuwa katika macho yaliyowatazama.

Kazi ya mpishi huangamia pale inapokamilika: sahani huoshwa, wageni huaga, na kesho yake jiko halina ushahidi. Sinema ndiyo iwezayo kuihifadhi, na kwa hiyo mpishi asiyetazamwa hupotea mara mbili. Kware wa Babette wangali wakitoka motoni kila filamu ile ionyeshwapo. Michuzi ya Kamante imebaki majina tu: radi, na farasi.