Kihansi, jirani tusiyemjua

Baada ya Swala ya Alfajiri tuliondoka Mlimba, wanakamati watano na wanafunzi wakubwa wa madrasa, kwenda kuuona Mto Kihansi. Majaruba ya mpunga yalikuwa na umande, na safu ya Udzungwa imejifunika mawingu kama ilivyo desturi yake. Ni safu iliyowapa wanasayansi kima wa Sanje mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua zamani.

Umeme wa Kihansi, megawati 180, wengi wanaufahamu. Chura wake humtaja kwa mzaha. Mwaka 1996, mradi ukijengwa, watafiti walimkuta kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Hafiki sentimita tatu, ana rangi ya dhahabu, wala hatagi majini kama vyura wa majaruba yetu, bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili, pungufu ya mashamba ya baadhi ya wazee wetu.

Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, wakalelewa katika bustani za wanyama, zikiwemo za Bronx na Toledo. Waliobaki wakawekewa mabomba ya kunyunyizia, wakaongezeka, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi. Maradhi ya kuvu yametajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 kizazi cha wale waliohamishwa kikaanza kurejeshwa. Sisi hatukushuka korongoni, kwani nyayo za wageni huweza kubeba kuvu hiyo.

Mzee mmoja katika msafara akauliza waziwazi: tukae gizani kwa ajili ya chura? Hatukumdharau, wajukuu wake husomea taa hiyohiyo. Tulimkumbusha Hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, ya tabibu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua.

"Hawa hawakuuawa," mzee akajibu. "Walinyimwa maji tu."

Mwanafunzi mmoja, kwa adabu, akauliza: "Kama paka wa yule mwanamke, babu?"

Kila mtoto wa madrasa anamjua paka yule, aliyefungwa bila chakula wala kuachwa ajitafutie. Mzee hakujibu. Tulirudi kimya hadi tulipoiona reli ya TAZARA.

Nyuma ya msikiti wetu kuna kijito na kipande cha msitu wa wakfu. Kamati ilikwishapitisha kufyekwa kwake, tupate uwanja wa kupanulia madrasa, na nafasi kwa kweli haitoshi. Watoto husoma kwa zamu. Tulipokutana tena, mzee yuleyule ndiye aliyeomba shauri lijadiliwe upya. Alitaka kwanza mtu aingie usiku na tochi, atuambie mna nini humo.