Nuru na Chombo Chake

Giza halina mlango, na kwa hiyo halina mahali pa kutiwa kufuli. Mtu mwenye mali hulala akijua kuwa ukuta wake una mwisho, lakini usiku unaouzunguka ukuta huo hauna mwisho. Ndiyo sababu, tangu kienge cha nyasi hata taa ya umeme, binadamu hakuchoka kutafuta nuru iliyo kubwa kuliko ile aliyo nayo. Tamaa hiyo si mbaya. Ubaya huingia pale mtu anapodhani kuwa nuru ni kama nafaka, ambayo ikizidi ghalani humwongezea mwenyewe shibe wala haimpunguzii jirani kitu.

Kagongwa, kata ya Manispaa ya Kahama katika mkoa wa Shinyanga, ina sababu za kutosha za kuwa na tamaa hiyo. Ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa huunguruma, magunia hupangwa mpaka darini, na malori ya njia ya Isaka hupita usiku na mchana, mengine yakienda mpaka Rwanda. Upande wa Geita ni nchi ya dhahabu, ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni wamefunga tochi vichwani. Penye mpunga, dhahabu na njia kuu, mwizi hakosi kuwapo. Ilikuwa katika nchi hiyo ya Kahama na jirani zake kwamba sungusungu walianza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenyeji walipoona kuwa ng'ombe wao na roho zao vimekosa mlinzi. Mpaka leo mlinzi wa ghala ni mtu anayejua uzito wa usiku.

Na achukuliwe kwa mfano mlinzi mmoja wa namna hiyo, mzee mwenye kurunzi kubwa ya mkononi, ile yenye mpini kama wa bastola na betri ya volti 12 tumboni mwake. Katika bakuli la kioo la kurunzi hiyo mna globu ya halojeni ya wati 55. Globu hiyo hutoa nuru kwa kuunguza uzi mwembamba wa tangsteni. Uzi hung'aa kwa ukali wa moto, lakini sehemu kubwa ya umeme hupotea katika joto, na nuru inayopatikana ni lumeni 1,500 hivi. Mzee huyo akaichukua kurunzi yake mpaka kwa fundi wa pikipiki.

"Shikamoo, babu," akasema fundi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka taa hii imwone mwizi kabla mwizi hajaniona mimi."

Fundi alikuwa na globu za zenoni, jamaa ya zile zilizoanza kutiwa katika taa za motokaa huko Ujerumani mwaka 1991. Globu ya zenoni haina uzi. Ndani ya kichupa chake mna ncha mbili za metali zilizoachana kwa milimita nne tu, na baina yake pana gesi ya zenoni pamoja na chumvi za metali. Umeme huruka kutoka ncha moja hata ya pili, ukafanya tao linalowaka. Asili ya jambo hilo ni ya zamani: Humphry Davy alilionyesha tao la umeme huko London mwanzoni mwa karne ya 19, kwa vipande viwili vya makaa; na gesi ya zenoni iligunduliwa katika mji huo huo mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers.

Lakini umeme hauruki pengo kwa kuombwa. Hutakiwa kisanduku kiitwacho balasti, ambacho huupokea umeme wa volti 12 kikaupandisha ghafula kupita volti 20,000, ili gesi ipasuliwe na kuwa njia. Njia ikiisha kufunguka, volti 85 hivi zatosha kulilisha tao. Hapo wati 35 hutoa lumeni 3,000 na zaidi. Kwa umeme mdogo kuliko ule wa kwanza, nuru imekuwa maradufu. Mtu asikiaye hesabu hiyo atasema kuwa hapana haja ya kufikiri tena, na fundi ndivyo alivyosema. Akaitoa betri kwanza, kwa kuwa alijua kuwa cheche ya balasti yaweza kuua. Akaing'oa globu ya zamani, akaichomeka mpya, akaifunga balasti ndani ya mpini, akayafunika maungo yote ya nyaya kwa mpira.

Usiku ulipoingia wakaijaribu. Ukumbi mzima wa karakana ulijaa weupe, na vijana wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Aliielekeza taa kwenye ukuta wa ghala uliokuwa mbali, akatazama kitambo.

"Mjukuu wangu," akasema, "taa hii yakuonyesha wewe uliye karibu, na mwizi aliye mbali imemwacha. Ile ya zamani ilifika pale ukutani."

Mzee alikuwa amesema kweli. Bakuli la kurunzi lina nukta moja ambayo nuru ikitoka hapo, kioo huikusanya na kuirudisha mbele kama mshale. Waliolitengeneza waliipima nukta hiyo kwa uzi wa halojeni. Tao la zenoni ni refu kwa namna yake, limepinda kidogo, na ncha zake hung'aa kuliko katikati. Tena kitako cha globu mpya kilikuwa kimelisogeza mbali na mahali pake. Kwa kosa la milimita mbili au tatu, nuru maradufu ilimwagika pande zote, na katikati yake pakawa na shimo la giza. Maji hufuata mkondo, na nuru nayo ni hivyo hivyo: palipokosa mkondo pana mafuriko, na mafuriko hayanyweshi shamba.

Mafuriko hayo yana madhara mawili. La kwanza humpata mwenye taa. Jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kuizoea giza kamili, na mwanga mkali wa karibu huipoteza kazi hiyo kwa dakika moja. Mlinzi aliyezungukwa na weupe wa taa yake mwenyewe haoni lolote nje ya duara lake, naye huonekana na kila aliye gizani. La pili humpata mpita njia. Dereva wa lori, au kijana mwenye gunia la mchele juu ya baiskeli, akipigwa machoni na nuru iliyotawanyika, huendelea kwenda hali haoni. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya magari zinataka taa za kumulika karibu zinazopita lumeni 2,000 ziwe na chombo cha kujishusha zenyewe gari linapoinama kwa mzigo, na chombo cha kuosha vioo, kwa sababu vumbi juu ya kioo huitawanya nuru. Anayeichomeka globu ya namna hiyo katika taa ya pikipiki iliyoumbwa kwa uzi hununua nguvu na kuuacha wajibu wake dukani.

Fundi hakuona haya kurudia kazi. Alikata viduara vya bati nyembamba, akaviweka chini ya kitako cha globu kimoja baada ya kimoja, kila mara akitazama ukuta wa mbali wala si ukumbi wa karibu. Shimo la giza likapungua, duara likajikusanya, hata mwishowe shina moja la nuru likasimama juu ya mlango wa ghala, na pembeni giza likabaki lilivyokuwa. Ndipo alipomwonya mzee kwamba taa hiyo haitaki kuwashwa na kuzimwa upesi upesi kama ishara, kwa kuwa kila kuwasha huila globu. Kwamba huchukua sekunde kadhaa kufikia ukamilifu wake. Na kwamba globu ikivunjika isishikwe ovyo, maana nyingi za namna hiyo zina chembe ya zebaki, ile ile wanayoishika wachimbaji wa dhahabu.

"Na barabarani?" akauliza mzee.

"Barabarani, babu, imulike chini."

Leo taa za LED zimeenea madukani, nazo huwaka mara moja bila balasti ya volti elfu ishirini. Lakini hazikuuondoa mtihani ule. Zimeufanya kuwa rahisi zaidi kuushindwa, kwa kuwa nguvu imekuwa rahisi kununuliwa. Aongezaye nuru ameongeza pia madaraka yake juu ya mahali inapoangukia. Mlinzi wa Kagongwa alilijua hilo bila hesabu ya lumeni. Alitaka mlango wa ghala uonekane, na mtu wa njia afike kwake salama.